Ndimi za Vitabu na Kitenge cha Mama Shani

Mjukuu wangu Neema alinionesha kwenye simu yake binti mmoja anayefundisha watu kutengeneza alama za kuweka kitabuni kwa vipande vya kitambaa. Binti ana kucha ndefu na sauti ya upole. Alichukua kipande cha kitenge, akakikata kwa mkasi wa karatasi, akakipaka gundi, akabandika kipande kingine juu yake, akasema, "Tayari, wapendwa!" Nikamwambia Neema azime simu kabla sijaidumbukiza kwenye ndoo ya maji.

"Babu nawe, mbona unakasirika? Watu kibao wamependa."

"Mende nao watapenda," nikamjibu.

Nakasirika kwa sababu najua. Gundi ile ikipata joto la Dar inalainika, inatokeza pembeni na kugandia kwenye karatasi. Siku ya kufungua kitabu unabandua alama, na nusu ya ukurasa inakuja nayo. Halafu mende wanaifuata gundi, na wakishaimaliza wanahamia kwenye kitabu. Nimeyaona kwa macho haya haya ambayo sasa hayaoni tena tundu la sindano, ndiyo maana nimestaafu na nina muda wa kuwaandikia nyie vijana. Neema ndiye anayenishikia kalamu. Nimemkataza kupunguza ukali.

Jina langu Alois Chilumba. Nimekaa kwenye cherehani tangu nilipotoka Masasi nikiwa kijana, kwanza Temeke, kisha huku Chanika nilikojenga. Nimeshona sare za shule, magauni ya harusi, na suruali za watu ambao matumbo yao yaliongezeka kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua nguo, halafu wakasema fundi kakosea. Hiyo ni hasira nyingine, niiache. Leo nataka kuwaeleza habari ya kitu kidogo kuliko vyote nilivyowahi kushona, kipande chenye upana wa vidole viwili na urefu wa shubiri moja, kwa sababu hicho ndicho kilichoniletea aibu ambayo gauni la harusi halikuwahi kuniletea.

Lakini kwanza mjue nilifundishwa na nani. Bi Tatu alikuwa mzaliwa wa Temeke, mwenyeji wa mji huu tangu kwa bibi zake, na alishonea barazani kwake huku anatafuna tambuu. Hakuwahi kuniinulia mkono. Hakuwa na haja, maana mdomo wake ulikuwa unatosha. Kwake kulikuwa na kanuni moja ambayo haikujadiliwa: mabaki ya kitambaa yakilala kwenye kiganja bila kutokeza, ni ya fundi. Yakitokeza hata kwa upana wa ukucha, ni ya mwenyewe, na yanarudi kwake yamefungwa pamoja na nguo.

Siku moja nilisahau kurudisha kipande cha hariri, chembamba tu, kirefu kidogo kuliko mkono wangu. Bi Tatu akakiona sakafuni. Akanituma kwa miguu mpaka Mtoni, juani, nikampe mwenyewe. Yule mama alicheka mpaka akashika mlango. "Umetembea kote huko kwa kitambaa cha kufutia pua?" Nilirudi nimenuna, nikamwambia Bi Tatu kwamba nimechekwa.

"Kucheka ruhusa," akasema. "Na kitambaa ni chake vilevile. Kaa, umalizie kola."

Sasa nyie nendeni kwa mafundi wa leo. Mteja analeta yadi sita, anapata gauni na maelezo. Kitambaa hakikutosha, upana ulikuwa mdogo, maua yalibidi yaelekee upande mmoja. Wiki ya pili unamkuta mtoto wa fundi kavaa kaptula ya maua yale yale. Halafu mafundi tunalalamika kwamba watu wanatuita wezi wa vitambaa! Nilikuwa nikilisikia neno hilo damu inanipanda, kwa sababu mimi nilishika kanuni ya kiganja ya Bi Tatu miaka yote, Temeke na Chanika. Au ndivyo nilivyokuwa nikijieleza.

Miaka michache iliyopita, Mwalimu Pili, aliyekuwa akifundisha darasa la tatu kwenye shule ya jirani, alikuja kwangu kupimwa gauni. Nikamuuliza habari za kazi. Lilikuwa swali la adabu tu, lakini akaketi kwenye benchi.

"Vitabu vya kusoma vimekuja, fundi. Vipya, vizuri. Mwalimu mkuu kavifungia kabatini."

"Kisa?"

"Anasema watoto wanaviharibu. Kitabu kimoja wanasoma watano, na kila mmoja anakunja pembe ya ukurasa alipofikia. Vya zamani viliisha pembe zote."

"Kwa hiyo wanasoma nini?"

"Ninachoandika ubaoni. Vitabu wanaviona siku wakija wakaguzi, halafu vinarudi."

Nilikuwa na pini mdomoni, nikazitema zote ili niweze kusema vizuri. Kitabu kimechapwa kisomwe, kimesafirishwa mpaka Chanika kwenye barabara hizi zetu, kimefika, kimefungiwa kwa kufuli kama sukari ya dukani! Watoto wanakaa chini wanatazama kabati. Nilisema mengi siku ile ambayo Neema amekataa kuyaandika. Mwalimu Pili akaniuliza kama nina la kusaidia zaidi ya kelele, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa hiyo kesho yake nikaenda kwa mwalimu mkuu.

Nilimwambia nitamshonea kila mtoto kitambaa chake cha kuweka alama, kila kimoja na rangi yake, ili watoto watano wa kitabu kimoja wasichanganye kurasa zao na asiwepo wa kukunja pembe. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kupenda masharti. Akanipa mawili.

"Mzee Chilumba, kila mtoto awe nacho. Akikosa hata mmoja, sitoi kitabu. Na Ijumaa asubuhi nakagua."

Darasa lilikuwa la watoto mia na kitu. Basi nikaanza, na hapa ndipo nyie wa gundi mnyamaze mjifunze.

Cha kwanza nilikishona kwa jinzi, kwa sababu jinzi ni imara. Kitabu kikagoma kufunga. Ukilazimisha, uti wa kitabu unapasuka, na mwalimu mkuu anapata alichokuwa anakitafuta. Cha pili nikakishona kwa kitenge kizuri machoni ambacho kilichuja rangi mpaka ukurasa wa kumi ukawa wa zambarau. Tangu hapo nikawa nalowesha kona ya kila kipande, nakikandamiza kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye cheupe, hicho kishone mkoba, usikipeleke kitabuni.

Mabaki yangu yote yalikuwa ya kiganja, na shubiri ni ndefu kuliko kiganja. Kwa hiyo kila kimoja kilibidi kiungwe vipande viwili, mshono ukipita katikati. Ukishaunga, fungua mshono kwa pasi, ulale nusu huku na nusu kule, la sivyo utaacha nundu inayochapa alama kwenye karatasi. Mgongoni weka shati kuukuu lililofuliwa mara nyingi, maana limeshalainika. Ndani usiweke kitu. Shona ukiwa umegeuza ndani nje, acha mdomo upande mmoja, punguza pembe nne kwa ncha ya mkasi bila kugusa uzi, kisha geuza kwa kijiti cha mshikaki. Tumia upande butu wa kijiti. Mimi nilitumia wenye ncha, nikatoboa pembe saba kabla sijapata akili. Piga pasi, zungushia mshono wa juu, basi. Mambo ya kuning'iniza nyuzi mwishoni achaneni nayo, zile za majaribio zilitafunwa zote na watoto ndani ya siku moja.

Kitaalamu mtakiita kialamisho. Watoto walipoona kitambaa kinachungulia juu ya kitabu wakapiga kelele, "Kitabu kimetoa ulimi!" Jina likabaki hilo. Ijumaa mwalimu mkuu alipita dawati kwa dawati akihesabu ndimi, uso ameukunja, akitafuta mtoto asiyekuwa nao. Hakumpata. Akatoa ufunguo mfukoni polepole sana, nami nikasimama mlangoni mpaka nikaona kitabu cha mwisho kimetoka kabatini.

Wiki tatu zilipita. Watoto walipokezana vitabu nyumbani kwa zamu, na jioni ungepita mtaani ungewasikia wanasoma kwa sauti, wengine wakibishana ulimi upi ni wa nani. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye harusi ya mtu.

Kisha ikawa zamu ya Shani kurudi na kitabu nyumbani.

Mama yake Shani anauza vitumbua kwenye njia panda yetu. Alikuwa mteja wangu wa muda mrefu, mwenye heshima zake. Siku hiyo hakunipa hata shikamoo.

"Fundi Chilumba! Toka nje!"

Nikatoka. Ameshika ulimi mmoja, wa bluu wenye ndege wa njano, anautikisa mbele ya uso wangu.

"Hiki nini?"

"Ulimi wa kitabu."

"Nakuuliza kitambaa! Hiki kitenge changu mie. Kanipa dada yangu, Mungu amrehemu, na hayupo tena wa kunipa kingine. Ukaniambia gauni limetoka, kilemba hakijatosha. Kumbe kilemba changu kiko kwenye vitabu vya watu!"

Majirani walishaanza kusogea. Mimi nikapandisha sauti juu ya yake.

"Mama Shani, mie siibi kitambaa! Nachukua kisichozidi kiganja, na kila mtu hapa anajua."

"Kila mtu anajua unavyosema," akanijibu, akaondoka na ulimi wake moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu hakusubiri kuambiwa mara mbili. Kesho yake ndimi zote zilikusanywa kwenye mfuko, vitabu vikarudi kabatini, kufuli likabanwa. Shule haiwezi kutumia mali ya wizi, alisema, na wazazi waitwe Jumamosi waamue. Mwalimu Pili alikuja kunipa habari hiyo huku macho yamemwiva. Aliniuliza swali moja tu, kama lile neno ni kweli. Nikamwambia kwa ukali kwamba hata kuniuliza ni kunitukana.

Sikilizeni vizuri hapo. Sikuwa namdanganya. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeonewa, hasira kamili, usingizi na chakula nilivikosa kwa ajili yake. Siku zile nilijisemesha barabarani peke yangu. Nilikuwa tayari kufa na jina langu.

Jumamosi wazazi walijaa kwenye darasa la tatu, wamejibana kwenye madawati ya watoto. Kabati lilikuwa pale pale ukutani, limefungwa. Mama Shani akaeleza yake kwa kifupi, bila kulia. Kisha mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mmoja mpole, akaniruhusu kusema. Nilisema! Nikamtaja Bi Tatu, nikataja Mtoni na kile kipande cha hariri, nikainua kiganja changu wote wakione. Halafu nikatoa lile nililokuwa nimelitunza tangu siku ya kwanza.

"Ndimi zangu zote zimeungwa katikati, kwa sababu mie natumia vipande vya kiganja. Mwizi haungi, mwizi anakata kipande kizima. Mama Shani, pitisha kidole katikati ya huo ulimi, usikie mshono, halafu uniombe radhi mbele ya watu hawa."

Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Akampa mwenyekiti. Mwenyekiti akapitisha kidole, akaugeuza, akausogeza dirishani kwenye mwanga.

"Fundi," akasema taratibu, "mbona siupati?"

Nikamnyang'anya. Ulikuwa mzima. Kutoka mwisho mpaka mwisho, kitenge cha bluu na ndege wawili wa njano, hauna mshono wowote.

Ndipo ikarudi yote. Alhamisi alasiri, kesho yake ukaguzi, ndimi zimepungua nane na mabaki ya kiganja yameniishia. Kwenye rafu kulikuwa na kipande cha Mama Shani. Kwa vilemba vya siku hizi vinavyopandishwa mpaka dari kweli kisingetosha, hilo sikumdanganya, lakini kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu, na nilikiweka pale nimrudishie akipita. Nikakivuta. Nikajiambia nitamwambia. Nikakata ndimi nane mfululizo, bila kuunga hata mmoja, na ninakumbuka nilifurahi jinsi kazi ilivyokwenda haraka. Akapita mara ngapi baada ya hapo na beseni lake la vitumbua! Sikumwambia, mwisho nikasahau kwamba kulikuwa na kitu cha kumwambia.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, akanifungulia mlango wa kutokea. "Pengine vipande vilichanganyika, mzee. Ndimi zilikuwa nyingi."

Nilitamani sana kutokea hapo. Nyie msidanganyike kwamba mtu mzima anaona rahisi kusema kweli kuliko kijana. Kijana akikosea anaambiwa atajifunza. Mimi nilikuwa na mvi, na nilikuwa nimetoka kuinua kiganja.

"Havikuchanganyika," nikasema. "Nilikikata ndimi nane nikijua ni chake."

Kisha mwalimu mkuu akasimama, na naapa alikuwa anatabasamu.

"Basi, wazazi, mmesikia wenyewe. Vitabu vitabaki kabatini."

Aibu yote niliyokuwa nayo ikageuka moto. "Mwizi ni mimi!" nikapiga kelele. "Nifungie mimi! Vitabu vimeiba nini? Watoto wamekata nini?"

"Mzee Chilumba, wewe huna tena kauli hapa."

Na alikuwa sahihi, sikuwa nayo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo zaidi ya kitambaa chenyewe. Siku watoto wale walipohitaji mtu wa kuwasemea, mimi niliyewatolea vitabu nilikuwa nimejifunga mdomo kwa mkasi wangu mwenyewe. Nilikaa. Wazazi wakatazamana, wengine wakaanza kuchukua mikoba yao.

Aliyesimama ni Mama Shani.

"Mwalimu mkuu, mie nina kesi na fundi. Kesi na kitabu sina. Mtoto wangu siku ile ya zamu yake kanisomea hadithi nzima, mie nachoma vitumbua yeye anasoma. Fungua hilo kabati."

"Lakini mama, kitambaa chako..."

"Changu, si ndiyo? Basi hizo nane nimewapa watoto mie mwenyewe, leo, hapa. Haya, za wizi ziko wapi tena? Fungua, nina unga nimeuacha nyumbani."

Wazazi wakaanza kugonga madawati. Mwalimu mkuu akapapasa mifuko yote miwili kabla ya kuupata ufunguo. Vitabu vikatoka, ndimi zikarudi, na vile vya darasa la tatu havikuingia tena kwenye lile kabati.

Nilimfuata Mama Shani nje. Nikamwomba radhi kwa maneno yote niliyonayo, nikamwambia nitamshonea bure chochote atakacho mpaka nife. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, fundi," akasema. "Shikamoo."

Akaenda zake. Hakuniletea tena kitambaa. Nilimwona akipita mbele ya kibanda changu, kitenge kipya kwapani, ananisalimia kwa adabu zote na kuendelea kwa fundi mwingine kule mbele, kijana anayeshona mikono ya gauni moja urefu tofauti. Nilikuwa naumia, na nilikuwa nakasirika pia, siwafichi. Nilijiambia nimekiri mbele ya watu, anataka nini tena?

Mwaka uliofuata wakaja watoto wapya wa darasa la tatu, na Mwalimu Pili akatangaza shuleni kwamba ndimi zinahitajika. Siku chache baadaye Shani akaja kwangu na mfuko.

"Shikamoo babu. Mama kasema ushone hivi, vya watoto."

"Marahaba. Vipande?"

"Vimeshakatwa. Kasema wewe ushone tu, usikate."

Nikamimina mfuko mezani. Vilikuwa vimekatwa vyote, vya mbele na vya nyuma, na vimekatwa vibaya! Kimoja kipana juu na chembamba chini, kingine kimepinda mgongo, pembe hazikuwa pembe. Mkasi wa jikoni huo, unaokata samaki. Mimi, fundi wa mabibi harusi, nipelekewe kitambaa kilichokatwa na muuza vitumbua, na amri juu! Nilikoroma kama dume la ng'ombe. Nikashika mkasi wangu ninyooshe kile cha kwanza. Kilikuwa kinahitaji kupunguzwa kidogo tu, upana wa uzi, asingejua mtu.

Shani alikuwa bado amesimama mlangoni, anatazama mkono wangu.

Nikauweka mkasi chini. Nikavishona vilivyo, kimoja kimoja, nikifuata kila kona yake iliyopinda, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye cherehani. Ukienda pale shuleni utaziona ndimi hizo, na yeyote anayejua kazi atauliza ni fundi gani huyu asiyejua kukata.

Shani aliporudi kuzichukua, alizihesabu kwanza, kisha akaniuliza alichotumwa.

"Mama kauliza, umekata?"

"Mwambie sijakata."